Kitabu Kilichomvua Kadhi Kilemba

Tarehe 3 Machi 1924 Bunge la Uturuki liliufuta ukhalifa. Mwaka uliofuata kadhi mmoja wa Misri, Sheikh Ali Abdel Raziq, akatoa kitabu juu ya Uislamu na misingi ya utawala. Humo alidai kwamba Mtume (s.a.w.) alitumwa kufikisha ujumbe, wala hakuja kuasisi dola, na kwamba ukhalifa hauna dalili katika Qur'ani wala katika Sunna.

Ndugu msomaji, wako waliokilaani kitabu hiki bila ya kukifungua. Sheikh ana haki katika jambo moja: wafalme wengi walijivika jina la khalifa ili dhulma yao ionekane kuwa ni dini. Wakati ule ule Mfalme Fuad wa Misri alikuwa akikitamani cheo hicho. Maulamaa wakubwa wa Azhar walipomhukumu Sheikh mwezi wa Agosti 1925, wakamfuta katika daftari la wanavyuoni naye akapoteza ukadhi, aliyenufaika ni nani kama si mfalme? Hoja yake ilistahili kujibiwa kwa hoja.

Lakini kitabu kina pengo kubwa. Raziq anataka dini iachane na utawala; hatwambii utawala utaachana vipi na dini. Tazama Uturuki yenyewe. Siku ile ile ya kufutwa ukhalifa iliundwa idara ya serikali ya kusimamia misikiti na maimamu. Mwaka 1932 ikaja amri ya kuadhini kwa Kituruki, na tangu 1941 aliyeadhini kwa Kiarabu aliweza kufungwa jela kwa sheria, mpaka katazo lilipoondolewa mwaka 1950. Dola iliyodai haina haja na dini ilipanda mnarani kumfundisha muadhini la kusema!

Kweli, mwaka 1925 Raziq hakuweza kuyajua ya 1932. Ila yeye alikuwa kadhi, na habari za mihna iliyoanza mwaka 833 alizisoma: Khalifa Maamuni aliwalazimisha wanavyuoni wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa, na Imam Ahmad bin Hanbal, aliyekataa, akaja kupigwa mijeledi chini ya Mu'tasim. Mtawala hasubiri kualikwa msikitini.

Katika miaka ya 1940 Raziq mwenyewe, akiwa amekwisha kurejeshewa heshima yake, alikuwa Waziri wa Wakfu wa Misri, akisimamia mali ya misikiti kwa niaba ya serikali.