Namba Moja, Baruti Mbalimbali

Mimina kijiko cha baruti ya H4831 kwenye karatasi nyeupe, na kando yake kijiko cha H4831SC. Zote mbili ni vijiti vya kijivu visivyofika nusu ya punje ya mchele kwa urefu, ila hivi vya pili vimekatwa vifupi zaidi. Hodgdon, wenye baruti hiyo, wanasema tofauti ni urefu tu na vipimo vya kujazia risasi ni vilevile. Ufupi huo una faida yake. Vijiti virefu hukwama ndani ya kipimio. Mkono unahisi mpini ukigoma, kisha unasikia punje zikikatika. Vifupi hushuka bila matata, na kila ganda la risasi hupata kiasi karibu sawa na mwenzake.

Sasa ongeza kijiko cha tatu, cha IMR 4831. Namba ni ileile, na kwa macho huwezi kuitofautisha kwa hakika na ile ya kwanza. Lakini hii huungua haraka zaidi. Anayechukua kipimo cha juu cha H4831 na kukijaza kwa IMR 4831 anapandisha shinikizo ndani ya bunduki ambayo ataiegemeza shavuni.

Mkanganyiko huu una historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya jeshi la Marekani iliyobaki, ile ya 4895 iliyotumika kwenye risasi za .30-06, akaihifadhi katika behewa kuukuu la treni na kuwauzia watu waliojaza risasi zao wenyewe. Baadaye akaleta 4831, iliyotoka kwenye risasi za mizinga ya milimita 20. Akiba ya jeshi ilipokwisha, jina lilibaki na viwanda vikabadilika. H4895 ya leo hutengenezwa Mulwala, Australia, ambako huitwa AR2206H. IMR 4895 ni ya ukoo wa kampuni ya DuPont. Tangu 2003 Hodgdon wanamiliki pia jina la IMR, kwa hiyo makopo ya baruti mbili tofauti zenye namba moja hutoka kwa mwenye mali mmoja na kukaa rafu moja dukani.

Kinyume chake pia kipo: majina mawili, baruti moja. H110 na Winchester 296 ni kitu kimoja. H414 na Winchester 760 vilevile. Varget ndiyo AR2208 ya Waaustralia. Haya tunayajua kwa sababu wenye baruti wamesema wenyewe. Punje kufanana si ushahidi.

Kundi la tatu ndilo linalowaponza wengi: majirani. Varget, IMR 4064, Reloder 15 na N140 ya Vihtavuori kutoka Finland hukaa karibu katika jedwali la kasi ya kuungua, na kwa risasi za .308 zote hufanya kazi nzuri. Jedwali hilo hupanga nani anamtangulia nani. Halisemi kwa umbali gani. Tena mpangilio wenyewe huweza kubadilika ukibadili ganda au uzito wa kichwa cha risasi. Lisome ili ujue baruti ipi ya kutafuta, kisha fungua kitabu cha vipimo.

Kati ya majirani hao, mimi huchagua kwa mambo mawili. La kwanza ni joto. Baruti nzuri haibadiliki sana kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali, na hapo Varget imejipatia sifa inayostahili. La pili ni usawa wa mwendo. Piga risasi kumi mbele ya kronografu na utazame pengo kati ya iliyokimbia zaidi na iliyochelewa zaidi. Pengo dogo nalithamini kuliko mwendo mkubwa, kwa sababu kwenye shabaha ya mbali pengo hilo ndilo linalotawanya matundu juu na chini.

Pua nayo ni chombo cha kazi. Baruti nzima hunukia kidogo kama spiriti. Ikitoa harufu ya uchachu inayowasha pua, au ukikuta vumbi la rangi ya kutu ndani ya kopo, imeanza kuoza na isiingie kwenye ganda lolote. Usimimine masalio ya kopo la zamani ndani ya jipya hata kama jina ni moja, maana kila toleo hutofautiana kidogo na lililotangulia. Ukianza kopo jipya, teremsha kipimo na ukipandishe tena hatua kwa hatua.

Na kama kitabu hakina kipimo chenye jina kamili lililoandikwa kwenye kopo lako, herufi na namba pamoja, lifunge na ulirudishe kabatini.