Nani Aitwe Muungwana?

Tuitazame sentensi hii: "Watoto wa waungwana wanasoma, watoto wa maskini wanalima." Hakuna atakayeshindwa kuielewa, awe mtu wa Masisi penye malisho ya ng'ombe, au wa Walikale penye misitu. Hata hivyo sentensi hii ni mbovu. Aliyeitunga ameweka maskini upande mmoja, na upande wa pili akaweka neno lisilo kinyume chake. Kinyume cha maskini ni tajiri. Kinyume cha muungwana, tangu mwanzo, ni mtumwa.

Huko pwani, Unguja na Mombasa na Lamu, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mali ya mtu mwingine. Aweza kuwa mvuvi asiye na kanzu ya pili, naye bado ni muungwana. Mtumwa wa tajiri aweza kula na kuvaa vizuri kuliko yule mvuvi, lakini jina hilo halipati. Basi neno lilitaja cheo cha kuzaliwa, wala halikuuliza mfukoni mna nini.

Kwetu Kongo neno lilikuja na misafara ya pembe na watumwa. Livingstone alipofika Nyangwe, katika Maniema, mwaka 1871, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kutangulia. Watu wao waliitwa Wangwana, na lugha yao Kingwana. Ndilo jina lililobaki muda mrefu kwa Kiswahili hiki chetu cha mashariki. Na hapa pana jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha. Wengi katika wapagazi na askari wa misafara ile walikuwa watumwa, au waliwahi kuwa watumwa, kwa desturi na sheria za Unguja. Walipofika bara wakakuta watu wa kuwaita washenzi, nao papo hapo wakajiita waungwana. Wao wenyewe hawakubadilika kitu. Ila sasa walikuwa na mtu wa kusimama chini yao. Anayelitumia neno hili kwa kutaja cheo hapana budi awe na mtu wa namna hiyo katika sentensi yake, hata asipomtaja.

Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Ungedhani neno nalo lingekufa, maana muungwana ni nani pasipo mtumwa? Halikufa. Lilikuwa limekwisha kuanza kuhamia katika mwenendo, na huko ndiko liliko leo. Wazee husema uungwana ni vitendo. Husema tena, akivuliwa nguo, muungwana huchutama. Msomaji, itazame methali hiyo ya pili kwa makini: huyo muungwana hana hata nguo, na bado ni muungwana, kwa namna anavyojisitiri. Iweke karibu na sentensi yetu ya kwanza, nawe utaona jinsi zinavyogombana.

Wanyanga wa Walikale hawahitaji mtu wa pwani awafundishe jambo hilo. Katika utenzi wao wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, shujaa ni mwana wa mwami, mwenye nguvu za ajabu tangu kuzaliwa. Anashinda vita, anajisifu, anaua joka. Mwishoni Nkuba, yaani umeme, anampandisha juu mbinguni, akateswa huko kwa baridi na jua na mvua, hata majivuno yakamtoka. Ndipo arudi kutawala vema. Kuzaliwa mwana wa mwami kulimpa kiti. Mwenendo aliupata kwa taabu.

Wakati wa Wabelgiji likaja jina jingine la cheo, la Kifaransa: évolué, maana yake mtu aliyeendelea. Mwaka 1948 ikawekwa kadi ya kumtambulisha, na mwaka 1952 ukawekwa uandikishaji wa juu zaidi, ambao mwombaji alichunguzwa mpaka nyumbani kwake. Waliopata ni wachache sana. Hilo nalo wengine wangelifasiri "muungwana", nami nasema hapana, kwa kuwa cheo hicho kilitolewa na serikali, nayo yaweza kukinyima. Kwa mtu wa namna hiyo Kiswahili kina neno lake: aliyependelewa.

Nalisifu neno hili kwa sababu ya sarufi yake. Ni kitenzi cha kutendewa, na msikilizaji huuliza mara moja: na nani? Linganisha na "mwenye bahati", linalopendwa mno siku hizi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya serikali, na baada yake mashamba makubwa na malisho ya Masisi, yaliyokuwa ya Wazungu, yakaangukia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na wakubwa. Ukiandika, "Watu wenye bahati walipata mashamba," umeandika kana kwamba yalianguka kama mvua. Andika, "Watu waliopendelewa na serikali walipata mashamba," na mkulima aliyebaki na kipande cha mtelemko atajua aulize wapi.

Basi sentensi yetu isomeke hivi: "Watoto wa wenye fedha wanasoma, watoto wa maskini wanalima." Sasa twajua kisa ni fedha, wala hatukuwavunjia maskini heshima yao.

Kuhusu upatanisho, mambo ni mepesi. Mtu ni muungwana, watu ni waungwana, sifa yenyewe ni uungwana. Lakini vitu havifuati njia hiyo: sema maneno ya kiungwana, jibu la kiungwana, mapokezi ya kiungwana. "Nyumba ya kiungwana" nimeisikia ikisemwa kwa sababu ya mabati mapya. Hiyo iitwe nyumba ya mabati. Vitabu vingine vya zamani huandika mwungwana, nalo si kosa.