Majuma Saba ya Mbanta

Kila mwaka mimi husoma insha nyingi za wanafunzi juu ya riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, iliyopigwa chapa London mwaka 1958, na ambayo Waswahili waliipata katika lugha yao mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Karibu zote husema neno moja, kwamba Mzungu alikuja na dini yake akauvunja mji uliokuwa umetulia. Neno hili si la uongo ukikitazama kitabu kizima hadi mwisho wake, palipo na mahakama, jela na kitanzi. Lakini ukizisoma kwa makini sura zinazoeleza majuma ya kwanza ya misheni katika kijiji cha Mbanta, yaani sura ya kumi na sita na zile mbili zinazoifuata, utaona jambo jingine, nalo ndilo nitakalolijadili hapa. Hofu ilikuwapo, kwa kuwa habari za Abame, kijiji kilichoangamizwa kwa sababu ya kumwua Mzungu mmoja, zilikuwa zimekwisha kuenea. Walakini waliofika Mbanta hawakuja na askari wala bunduki. Walikuwa watu sita, na mmoja tu kati yao ndiye Mzungu. Kama kulikuwa na ufa katika majuma yale, ulianzia wapi?

Achebe haanzi kwa vitisho; anaanza kwa kichekesho. Mkalimani wa Mzungu ni Mwigbo, lakini matamshi yake si ya Mbanta, na kila atakapo kusema "mimi mwenyewe" watu husikia "makalio yangu". Okonkwo anauliza swali la mtu mwenye akili timamu: ikiwa Mungu ni mmoja, na ana mwana, basi mkewe ni nani? Mcheshi mmoja anadakia kwamba, kwa maneno ya mkalimani, hao wote lazima wana makalio. Huenda msomaji akadhani mzaha huu umewekwa kwa kupumzisha roho tu. Mimi siuoni hivyo. Achebe, ambaye baba yake alikuwa katekista wa kanisa la Kianglikana, alijua vema kwamba neno geni halifiki kijijini likiwa tupu. Hufika kinywani mwa jirani, na jirani huyo huhukumiwa kwa ulimi wake kabla ya kuhukumiwa kwa habari aliyoileta. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Biblia nzima ilitoka kwa Kiunguja mwaka 1891, ikatoka kwa Kimvita mwaka 1914, wala hapakuwa na moja ya pande zote mpaka mwaka 1952.

Basi mahubiri yalishindwa. Okonkwo aliona kwamba mtu yule ni mwendawazimu, akaenda zake kugema tembo. Aliyetekwa ni Nwoye mwanawe, naye hakutekwa kwa hoja ya Utatu, ambayo hakuielewa, bali kwa wimbo. Maana wimbo uligusa mambo mawili yaliyomkaa moyoni tangu utoto, vilio vya mapacha waliotupwa porini na kifo cha Ikemefuna. Hapa wahakiki wamekwisha kusema mengi, na sina la kuongeza.

Nataka kukaa zaidi juu ya habari ya kiwanja. Wageni walilala sokoni siku nne au tano, kisha wakaomba mahali pa kujenga. Wazee wa Mbanta hawakuwafukuza wala hawakuwapiga. Waliwapa kipande cha Msitu Mwovu. Huo ulikuwa msitu wa kuzikia waliokufa kwa ukoma na ndui, na ndimo yalimotupwa mafingo na madawa ya waganga wakubwa baada ya wenyewe kufa. Hakuna mwenye akili angepokea zawadi hiyo, na wazee waliitoa wakijua hivyo: kama wageni hawa wanajisifu kwamba wameshinda mauti, na wapewe uwanja wa kuonyesha ushindi wao. Ilikuwa hukumu isiyohitaji mkono wa mtu. Lakini wageni walipokea kwa shukrani na kuimba, wakaanza kufyeka.

Watu walitazamia kwamba wote watakufa katika siku nne. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu, na ya nne. Ikaanza kuvumishwa kwamba uganga wa Mzungu una nguvu zisizosadikika, na kwamba ile miwani yake ndiyo impayo kuwaona pepo wabaya na kusema nao. Wakapatikana waongofu watatu. Hata hivyo mji haukubabaika, kwa kuwa ulikuwa na kipimo kirefu zaidi. Ilijulikana Mbanta kwamba miungu na mizimu huweza kumvumilia mkaidi kwa muda, lakini uvumilivu wao hauzidi majuma saba ya soko. Juma la soko la Waigbo lina siku nne, kwa hiyo muda wote ni siku 28. (Msomaji wa upande wa Kilifi na Kwale hatashangaa, maana Wamijikenda nao walihesabu juma la siku nne.) Siku zile zilipokaribia kutimia, imani ya watu juu ya maangamizi yajayo ilikuwa kubwa hata mwongofu mmoja au wawili waliona ni busara kujitenga na dini mpya kwanza.

Siku ya 28 ikaja. Wageni walikuwa hai, tena walikuwa wakijenga nyumba nyingine ya udongo mwekundu na makuti, nyumba ya mwalimu wao.

Sasa tuulize: ni nani aliyeuweka muda ule? Si Mzungu, ambaye huenda hakujua kwamba anahesabiwa. Mji wenyewe ndio uliotunga mtihani, ukachagua uwanja, ukakata muda, ukaketi kuwa mwamuzi. Na matokeo yalipokuja kinyume cha matumaini yake, haukuongeza hata siku moja. Mji wenye hila ungesema kwamba majuma ya miungu si saba bali kumi na manne. Mbanta haikusema hivyo. Ilishindwa kwa hesabu yake yenyewe, na kwa uaminifu wake katika hesabu hiyo. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na mwanafunzi anayeandika kwamba wamisionari waliwahadaa wanakijiji. Hakuna aliyehadaiwa. Ndiyo maana pia jina la tafsiri yetu, zuri kama lilivyo kwa kuvutia wasomaji, hunitia mashaka: jina la Kiingereza linatutazamisha mambo yanayoachana, na jina la Kiswahili linatutazamisha mtu mmoja. Katika majuma saba yale shujaa huyo anauliza swali moja na kwenda kugema. Mchezo wote unachezwa na kalenda.

Jambo jingine linalopitwa haraka ni kwamba Mzungu hakukaa. Alirudi Umuofia, palipokuwa na makao yake, akawa anakuja na kuondoka, na kazi ya kila siku ikabaki mikononi mwa mkalimani, Bwana Kiaga, yule yule aliyechekwa. Hapa riwaya inafuatana na historia kuliko wengi wanavyodhani. Misheni ya Onitsha ilipoanzishwa mwaka 1857, kiongozi wa wamisionari alikuwa Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyeokolewa utumwani, na aliyeachwa kuiendesha ni John Christopher Taylor, aliyezaliwa Sierra Leone kwa wazazi wenye asili ya Kiigbo. Mwanafunzi anayeandika "Mzungu" kila mahali anamfuta Kiaga, naye ndiye aliyekuwa msituni usiku wakati Mzungu hayupo.

Naja kwa Nneka, na hapa nina lawama kwa mwandishi. Katika juma lile la saba kanisa lilimpata mwanamke wake wa kwanza, mke wa Amadi, mkulima aliyekuwa na mali. Alikuwa mja mzito wa miezi mingi. Mara nne alikwisha kujifungua, na mara zote nne walikuwa mapacha, wakatupwa. Alipotoroka, mume na jamaa zake hawakuhuzunika. Waliona wamepunguziwa mzigo. Sasa kumbuka kwamba Mbanta ni mji wa mama yake Okonkwo, na kwamba katika sura za nyuma mzee Uchendu alimweleza mpwa wake kwa nini watu huwaita binti zao Nneka, maana yake mama ni mkuu: mtu akipatwa na msiba, hukimbilia kwa upande wa mama akafarijiwa. Jina lile lile lililotumika kumpokea mwanamume aliyefukuzwa kwao ndilo alilopewa mwanamke asiyepata faraja mahali popote ila katika msitu wa maiti. Siamini kwamba Achebe alilichagua kwa bahati.

Lakini baada ya kulichagua, akaliacha. Tunaambiwa baadaye kwamba Wakristo walikuwa wakiokota mapacha porini, na tunaambiwa jinsi wanakijiji walivyojituliza: maadamu watoto wale hawakurudishwa mjini, basi kwa mji wangali pale pale walipotupwa, na mungu wa kike wa ardhi hana sababu ya kuwakasirikia wasio na hatia. Ni kejeli kali, tena imeandikwa bila kupaza sauti. Nneka mwenyewe haonekani tena. Okoli, aliyesemekana kumwua chatu mtakatifu, alifanyiwa baraza zima la wazee, na ugonjwa na kifo chake tumesimuliwa. Mwanamke huyu aliingia msituni na mimba yake ya tano akapewa mistari michache, na kama alizaa mmoja au wawili, na kama waliishi, kitabu hakisemi.