"Mlanyama" Alaye Mianzi: Udhaifu wa Istilahi Moja

Katika tafsiri za elimu ya wanyama, neno "mlanyama" hupewa kazi mbili. Kwanza, hutaja mnyama yeyote ambaye chakula chake ni nyama. Pili, hutaja oda nzima ya Kanivora, yaani simba, fisi, mbwa na jamaa zao. Twaona kuwa neno moja haliwezi kubeba dhana hizo mbili, na shahidi wetu ni panda mwekundu.

Mnyama huyu wa misitu ya Himalaya na kusini-magharibi mwa China yumo katika oda hiyo, lakini sehemu kubwa ya chakula chake ni majani na machipukizi ya mianzi. Tumbo lake ni la chumba kimoja, na utumbo wake ni mfupi kama wa jamaa zake walao nyama. Chakula hupita mwilini kwa saa chache tu, na nyuzinyuzi nyingi hutoka bila kumeng'enywa. Huishi kwa kuchagua majani laini, kula kwa wingi na kutumia nguvu kidogo. Kumwita "mlanyama" ni kupotosha habari za mlo wake. Kumwita "mlamajani" bila kutaja oda yake ni kuficha chanzo cha taabu yake.

Hatari ya namna hiyo iko hata nyumbani. Mwalimu wa Mzinga, Morogoro, akieleza habari za mbega wa milima ya Uluguru, aweza kushawishika kumwita "mcheuaji", kwa kuwa tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huchachusha majani. Lakini kucheua ni kurudisha chakula kinywani na kukitafuna tena, kama afanyavyo ng'ombe. Vyumba vya tumbo ni umbo. Kucheua ni tendo.

Kwa hiyo twapendekeza "Kanivora" ibaki jina la oda, na "mlanyama" litaje mlo tu. "Mcheuaji" liwe la acheuaye, na mbega aitwe "mlamajani mwenye tumbo la vyumba". Wapo watakaosema kuwa "Kanivora" ni neno geni. Ni kweli, lakini "bakteria" na "vitamini" nayo yalikuwa mageni. Mwanafunzi anayeandika kuwa panda mwekundu hula nyama, kwa kuwa ni "mlanyama", amefuata istilahi tuliyompa. Si haki akose alama kwa udhaifu wetu.