Fala si Mshenzi

Kibaki akiwa rais alitamka “pumbavu” na “mavi ya kuku” hadharani, watu wakacheka. Mpaka leo tunamwigiza. Soja wa geti akimwambia mdosi wake hivyo, anafutwa jioni hiyo hiyo. Ndiyo maana sipimi tusi kwa neno lenyewe. Nauliza nani anamwambia nani. “Fala” kati ya mabeste ni karibu salamu. “Mshenzi” kwangu halitoki: Pwani liliwadharau watu wa bara, kisha walowezi wakawatupia Waafrika. Sasa hadithi nyingi ninazosoma zinafanya kinyume: zinamfutia makanga “fala” lake (makanga gani huyo, jameni?), halafu zinamwachia tajiri amwite mfanyakazi wake mshenzi, eti hicho ni Kiswahili sanifu.