Saa nne ya California

Fungua faili la sigs.yaml la mradi wa Kubernetes, ushuke mpaka kwenye mikutano ya kundi lolote. Siku imeandikwa. Saa imeandikwa. Imeandikwa pia kama ni kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Halafu pana kijisehemu kinachoitwa tz, na mbele yake, kundi baada ya kundi, zimekaa herufi mbili: PT. Sina haja ya kuzunguka mbuyu. Herufi hizo ni kosa, zilikuwa kosa tangu siku zilipoandikwa, na kila Machi zinatukumbusha.

Mengine ya mikutano ile siyalaumu: kila kundi, au SIG kama wanavyoliita, linatakiwa kukutana angalau nusu saa kila wiki 3 isipokuwa Novemba na Desemba, kumbukumbu zinaandikwa, video zinapandishwa, na ukurasa wa kila kundi unajitengeneza kutoka kwenye faili hilo moja. Hongera zao. Turudi kwenye PT.

Wenye kujua mambo ya saa wanajua kwamba PT, yaani Pacific Time, si majira ya saa. Ni majira mawili yanayotumia jina moja. Kuna PST, saa 8 nyuma ya UTC, na kuna PDT, saa 7 nyuma. Tangu 2007 California inahamia PDT Jumapili ya pili ya Machi na kurudi PST Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya inahama Jumapili ya mwisho ya Machi, inarudi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Afrika Mashariki, India, China na Japani hawahami kabisa. Kwa hiyo anayeandika "10:00 PT" hajakupa saa. Amekupa fumbo, na jibu lake linategemea bunge la nchi ambayo hukuipigia kura. (Wapo pia wanaoandika PST katikati ya Julai. Hao nimewasamehe miaka mingi, nimechoka.)

Chukua Machi 2025, maana wengi wenu mliipitia mkiwa macho. Tuseme kikao cha Alhamisi, saa 4 asubuhi ya California. Ndiyo saa iliyozoeleka, na ndiyo iliyokuwa ya mkutano wa jumuiya nzima enzi ulipokuwa ukifanyika kila wiki. Tarehe 6 kikao hicho kiliangukia saa 3 usiku wa Dar es Salaam na Nairobi. Jumapili ya tarehe 9 Wamarekani wakasogeza mishale. Alhamisi ya tarehe 13 kikao kilekile, bila mkono wa mtu kukigusa, kikaangukia saa 2 usiku. Berlin kilitoka saa 1 jioni kikaenda saa 12, kikakaa hapo Alhamisi 3, kisha tarehe 3 Aprili kikarudi saa 1 kana kwamba hakuna kilichotokea. Bangalore kilitoka saa 5 na nusu usiku kikaenda saa 4 na nusu. Tokyo kilitoka saa 9 usiku kikaenda saa 8, na huko sijui hata kama ni haki kukiita kikao.

Na Machi ile ilikuwa Ramadhani. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, kati ya saa 3 na saa 2 usiku hapakuwa na tofauti ya dakika 60 tu. Saa 3 mtu ameshafuturu, ameshaswali Isha, tarawehe imekwisha au iko ukingoni. Anaweza kukaa mbele ya kompyuta na kikombe chake cha kahawa chungu akasikiliza watu wakibishana juu ya kufuta API ya zamani. Saa 2 yuko kwenye safu msikitini. Hakuna mtu aliyekaa California akaamua kumtoa mtu wa Tanga kwenye kikao. Ubaya wenyewe ndio huo. Mwezi ule hakuna aliyeamua chochote. Uamuzi ulifanywa zamani kwa herufi mbili, na tangu hapo unajitekeleza wenyewe mara mbili kwa mwaka, bila ajenda, bila kura, bila mtu wa kumuuliza.

Nieleweke. Kikao kinachokusanya watu wa majira mbalimbali lazima kimsumbue mtu fulani saa zinapobadilika. Hilo halina dawa. Swali ni nani asumbuke. Ukiandika UTC, anayesumbuka ni yule aliyesogeza mshale wake mwenyewe: serikali yake imetangaza, redio imesema, mtaa mzima unajua kwamba wiki hii mambo yamehama. Ukiandika PT, anasumbuka kila ambaye saa yake haihami pamoja na ya California. Africa/Nairobi katika hifadhidata ya majira iitwayo tz, ambayo siku hizi inabeba pia Dar es Salaam na Kampala, haina badiliko hata moja tangu miaka ya 1940. Watu ambao saa yao haijatikisika tangu mababu zao wakiwa vijana ndio wanaoambiwa kila Machi wakague upya kalenda zao.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa. La kwanza ni kwamba wahudhuriaji wengi wako Marekani. Ni kweli Kubernetes ilizaliwa Google ikafunguliwa kwa umma Juni 2014, na kina Joe Beda, Brendan Burns na Craig McLuckie walikuwa Seattle. Wakati huo PT ilikuwa saa ya ukutani ofisini kwao, na hakuna mtu anayeandika majira ya saa yake mwenyewe ukutani. Lakini tarehe 21 Julai 2015, toleo la 1.0 lilipotoka, ilitangazwa pia CNCF, taasisi ya kuupokea mradi ili usiwe wa kampuni moja. Mradi ukahama nyumba. Saa ya ukutani ikahamishwa pamoja na fanicha. Na hoja ya wingi inajila mkia: weka kikao saa 8 usiku wa Tokyo kwa miaka 10, kisha uwahesabu Wajapani walioketi.

Jibu la pili lina ukweli zaidi, nami nalikubali kwa shingo upande. Saa 2 usiku ni nafuu kwetu kuliko saa 3 kwa miezi mingi ya mwaka, na ndugu wa Bangalore anapata kulala mapema kidogo. Sawa. Tulipata nafuu kwa bahati. Novemba nafuu hiyo ikaondoka, nayo bila kuulizwa. Na tusiwanyime haki yao SIG Docs, waliowahi kuweka kikao cha Asia saa 01:00 na wakakiandika kwa UTC. Kumbe faili linakubali.

Wazee wa Apache hawakusumbuliwa na haya kwa sababu hawakuwa na kikao. Mwaka 1995 watu wanane waliotawanyika, wakifanya kazi kwa kujitolea, walijenga seva ya wavuti iliyokuja kushika soko la dunia, na waliijenga kwa barua pepe na kura za +1, 0 na -1. Desturi iliyobaki pale mpaka leo ni kwamba kura ikae wazi saa 72 kwa kawaida, ili mtu wa upande wowote wa dunia aione, alale, aamke, ajibu. Saa 72! Siku hizi mtu anauliza "kuna pingamizi?" kwenye video, anahesabu mpaka tano kimoyomoyo, anasonga mbele. Na Apache ukizungumza jambo kwa sauti, halijazungumzwa mpaka uliandike kwenye orodha ya barua. Linux nayo, kwa ukubwa wake wote, haina kikao cha kila wiki cha mradi mzima, na sijasikia mtu akilalamika kwamba imechelewa kukua.

Mtasema hao ni wa kale, miradi ya sasa haiwezi kwenda bila kukutana. Basi tazameni OpenStack, iliyoanzishwa 2010 na Rackspace na NASA, mradi wa makampuni makubwa na haraka zilezile. Nao waliweka ratiba kwenye mafaili ya yaml, faili kwa kila kikao. Ila saa ziliandikwa kwa UTC, tarakimu nne kavu: 1500, 2100. Hakuna herufi za mji wa mtu. Kwenye kipengele cha marudio unaweza kuandika kila wiki, au wiki shufwa, au wiki witiri. (Neno la Kiingereza linalotumika pale laweza kumaanisha mara mbili kwa wiki au mara moja kwa wiki mbili. Wao waliliponya kwa shufwa na witiri. Kiswahili hakikuwahi kuugua.) Kwa hiyo timu iliweza kukutana na watu wa Asia wiki witiri na watu wa Amerika wiki shufwa. Programu iliyosoma mafaili hayo iliangalia pia kama vikao viwili vinagongana kwenye chaneli moja, ikagoma kabla binadamu hawajagombana.

Wiki za kupokezana zina kasoro: kundi linakuwa nusu mbili zisizoonana. Kilichowaokoa OpenStack ni kwamba kikao kilikuwa maandishi. Hapa narudia wimbo wangu wa zamani, asiyeutaka aruke aya hii na inayofuata. Kwenye gumzo la IRC, kwa boti iitwayo MeetBot, mwenyekiti anaandika #startmeeting, mada inafunguliwa kwa #topic, makubaliano yanawekwa kwa #agreed, kazi inapewa jina la mtu kwa #action, na ukiandika #endmeeting kumbukumbu ziko tayari. Hakuna karani wa kulaumiwa. Debian walitumia, Fedora walitumia. Nusu iliyolala inaamka, inasoma kikao kizima kwa dakika 10 wakati chai inachemka, na faili lenyewe halifikii uzito wa picha moja ya simu.

Linganisha na rekodi ya saa nzima kwenye YouTube. Hiyo ni bando, na ni saa nzima ya maisha yako, maana video huwezi kuipitisha macho kama ukurasa. Mtu wa China haifungui YouTube wala hati za Google bila kupita njia za uchochoroni, na kumbukumbu nyingi za Kubernetes zimeishi kwenye hati za Google. Tena watu wa programu huria tunakutana kwenye Zoom, chombo kilichofungwa, wakati Jitsi na BigBlueButton zipo. Mei 2021 Freenode, mtandao wa IRC walikokutania, ulipoporomoka, OpenStack walibeba virago wakahamia OFTC, boti na yote, na vikao vikaendelea na amri zilezile. Chumba kiliungua, kikao hakikuungua.

Nina kisa changu pia, na mradi wenyewe siutaji. Ulikuwa mdogo, watu wasiozidi kumi, kikao kimoja kwa mwezi. Nilikuwa nimetumwa niwasilishe marekebisho niliyoyafanyia kazi tangu Januari. Nikaingia saa 3 kamili usiku, shati limepigwa pasi, jenereta ya jirani ikinguruma. Skrini ikaniambia nimsubiri mwenyeji. Nikasubiri dakika 20 nikidhani tatizo ni mtandao wangu, kwa sababu sisi huku tumefundishwa kudhani tatizo ni mtandao wetu. Asubuhi nikakuta kumbukumbu: mada yangu imeahirishwa "kwa kuwa mhusika hakutokea". Walikuwa wamekutana saa 2. Mishale ilikuwa imesogea Jumapili iliyopita, mahali ambapo sijawahi kukanyaga.

Nilipomwandikia mwenyekiti, alinijibu kwa upole kwamba mwaliko wa kalenda ndio ulioamua, si yeye. Hapo alisema kweli kuliko alivyokusudia. Tukio la kujirudia kwenye kalenda hubeba majira ya yule aliyelitengeneza, na likishatengenezwa hakuna anayelifungua tena kutazama ndani. PT nyingi zinazaliwa hivyohivyo: mtu mmoja, asubuhi moja, anabonyeza sehemu ya kuhifadhi bila kugusa kisanduku cha majira.

Kuirekebisha PT hakuhitaji kamati. Faili la sigs.yaml lina kijisehemu cha tz, kiandikwe UTC. Kwenye kalenda, ukipewa miji badala ya UTC, chagua Abidjan au Reykjavik. Zote ziko kwenye sifuri mwaka mzima, hazichezi. Atakayelalamika kwamba sasa kikao chake kinahama Machi na Novemba, aambiwe kwamba hakijahama.

Mimi kwa sasa nina kengele mbili za Alhamisi kwenye simu, moja ya saa 2 usiku na moja ya saa 3. Mke wangu ameniuliza mara mbili kwa nini siizimi mojawapo.