Kopo la Coca halielezi kisima cha gesi

Wandugu, wengi wetu tumekwisha kuangalia Deepwater Horizon, sinema ya Peter Berg ya mwaka 2016. Inaeleza mlipuko wa tarehe 20 Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko, ambapo wafanyakazi 11 walikufa. Hofu, moto, wakubwa wanaokimbiza kazi: yote inayaonyesha vizuri. Ila kuko kitu kimoja nakikataa: lile kopo la Coca.

Mwanzoni mtoto anaeleza kazi ya baba yake kwa kopo. Linatobolewa, asali inazuia, kisha kinywaji kinaruka. Kwa mlipuko, mfano ni mzuri. Lakini kopo likiisha linabaki tupu. Mwamba haubaki hivyo: gesi ikitoka, mara nyingi maji yanachukua nafasi. Na hapo sinema imekwisha nyamaza.

Maji hayo yanatoka wapi? Mimi nahesabu njia nne. Moja, chini ya gesi kuna maji: gesi ikitoka kwa kasi, presha karibu na kisima inashuka, maji yanapanda kama koni. Mbili, mlipuko umepasua bomba ao saruji, na maji ya tabaka lingine yanapenya. Tatu, ni maji yaleyale yaliyosukumwa ndani kuua kisima. Nne, mvuke uliokuwa ndani ya gesi umepoa. Chumvi inasaidia kutenganisha: maji ya mvuke karibu hayana chumvi, ya kuua kisima, tunajua kilichotiwa, ya mwamba yana chumvi yake. Ukikosea, unaweza kuzika kisima kilichohitaji saruji mpya tu.

Hapa Kailo swali hilo si geni. Kwenye shimo la kasiterite, mchimbaji anauliza kwanza: maji ya mvua ao ya mto? Ya mvua, motopompe itayamaliza. Ya mto, utachoma mafuta bure.

Na jambo hili linatugusa. Julai 2022 serikali yetu ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi katika Ziwa Kivu. Kule gesi imeyeyuka ndani ya maji yenyewe, imeshikwa na uzito wa maji ya juu. Mwenye kufikiri kwa kopo hataelewa kwa nini matabaka ya ziwa hayapaswi kuvurugwa. Basi muangalie sinema, muifurahie, lakini darasani mfano ule muuache mlangoni.